Pweza Aliyebeba Sumu ya Yavuyavu

Kila asubuhi Abigael hutoka Kibarani kwenda kuchambua samaki wa Mwaringa, mwenye mashua tatu. Wanawake huchambua kwa mikono mitupu. Mwaringa hanunui glavu. Husema mikono yao imeshazoea. Imezoea nini? Mikono si chuma.

Jumanne moja mashua ilirudi kutoka bahari kuu. Katikati ya samaki mlikuwa na pweza mdogo, mgeni, mwenye ngozi pana kama mtandio baina ya minyiri yake. Abigael akamsugua kwa mchanga kutoa ute, kama asuguavyo pweza yeyote. Mkono ukawaka moto. Ukatoka mistari myekundu, kama aliyechapwa.

Mwenzake mmoja akataka kumtafutia mkojo wa kumwagia mkononi. Mwaringa akasema kuungua huko ni uzembe, kesho Abigael asije kazini.

Ruqaiya, muuguzi wa zahanati, alikuwa pale akinunua samaki. Akawazuia. Alitoa nyuzi za buluu zilizonata mkononi kwa kijiti, akasuuza kwa maji ya bahari. Kisha akautia mkono katika maji ya moto yasiyobabua, dakika ishirini.

"Mkojo haufai, na ukisugua unazidisha sumu," alisema. "Mtu akishindwa kupumua, mkimbizeni hospitali."

"Kumbe pweza huyu ana sumu?" Abigael akauliza.

"Si yake, dada. Anaishi mbali, bahari kuu. Hunyakua nyuzi za yavuyavu wa buluu, yule kiumbe laini aeleaye kama mfuko, akazibeba ajilinde. Yeye hazimdhuru. Wewe zitakuchoma hata zikiwa zimekufa."

Tumu, mchambuzi wa miaka ishirini na sita, akamgeukia Mwaringa.

"Mwenzetu Kavumbi alipoungua, ulisema karogwa. Mwaka wa korona akaungua Rufaida, ukasema hana bahati. Leo ni uzembe. Injini mpya umenunua tatu, mimi nikiona. Glavu hata jozi moja. Bila glavu hatugusi samaki."

Mwaringa akacheka. Akasema wakigoma samaki wataoza.

"Basi chambua wewe, bwana. Mikono si unayo?"

Wanawake wakarudi nyuma. Barafu juu ya samaki ikaanza kuyeyuka. Mwaringa akainamia samaki, akaona uzi wa buluu, akatia mikono mfukoni.

Kabla ya adhuhuri glavu zilifika. Abigael alirudi kazini wiki ileile. Sasa pweza mgeni huinuliwa kwa koleo, na akiwa hai hurudishwa baharini. Hajaungua mtu tena.

Mwaringa huwaambia wageni kuwa glavu lilikuwa wazo lake. Wanawake humwacha aseme. Lakini zikitoboka, hakuna anayegusa samaki mpaka alete nyingine.