Kadi Iliyofichwa Dunguni

Uvumi ule ulinifuata kila mahali. Nikichota maji nausikia, nikitwanga mpunga nausikia, hata nikiwa kwenye mswala akili inaurudia: ati hospitalini siku hizi hawangoji mtu azae, wanapasua kila anayeingia, na mwenye kovu la zamani akipasuliwa tena haamki. Aliyeuleta hapa Mbuchi ni jirani yangu Bi Zena. Nilipomuuliza ameusikia kwa nani, akajibu, "Watu wanasema." Watu gani? Hakuwataja.

Nami nilikuwa na mimba ya miezi minane, na kovu ninalo. Mwanangu Chiku alitolewa kwa upasuaji kwa sababu alilala kimshazari tumboni. Baada yake nilikaa miaka kumi na miwili nikiomba mwingine. Kwa hiyo nesi Johari wa zahanati yetu alipoandika kwenye kadi yangu ya kliniki, kwa wino mwekundu, "Ana kovu la upasuaji, azalie hospitali", nilimsikiliza. Alinitaka niende wiki mbili kabla ya siku zangu kutimia, nisubirie hukohuko.

Chiku naye alikuwa na yake shuleni. Wenzake walimwita Chiku wa Kisu. "Wewe hukuzaliwa," walimwambia, "ulichongwa kama mtumbwi." Mtoto hakuniambia. Laiti angeniambia.

Anayekaa delta anajua kwamba mfereji wetu haupitiki ila maji yakijaa. Yakitoka, boti linakaa kwenye tope na wewe unakaa nalo. Asubuhi ya kwenda hospitali, mwendesha boti Sadala alikuwa ameshaleta boti lake, mume wangu Bwanaheri amebeba mkoba wa khanga, na kadi haionekani. Tulifunua godoro, tukapekua makuti, tukamwaga kapu la mchele.

"Chiku, hukuiona kadi?"

"Sikuiona, mama."

"Juzi ulikuwa unaisoma."

"Niliirudisha."

Sadala akaita kutoka mtoni, "Bwanaheri, maji hayamngojei mkeo."

"Hatuendi bila kadi," mume wangu akasema. "Wakituuliza ana nini, tutajibu nini?"

Nikamwambia, "Kovu liko tumboni, halihitaji kadi." Hakunisikia. Mpaka leo jambo hilo linanikera. Tulitafuta mpaka boti likalala ubavu kwenye tope, na Sadala akavua viatu akaenda zake kunywa chai.

Adhuhuri uchungu ukaanza, kabla ya siku zake.

Bi Zena akaja na kikombe. "Maji ya mizizi, mwanangu. Yanafungua njia. Utazaa hapahapa, kisu ukisikie kwa wenzio."

Nilikuwa na maumivu na hofu. Nikakipokea. Nalisema hili bila kuficha, ili mwingine asifanye.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma, alikuwa ameketi mlangoni. "Zena," akasema, "babu yangu naye alipewa maji, wakati wa vita na Wajerumani. Walikuwa wanapigwa viboko kwenye mashamba ya pamba, wamechoka, wakaambiwa maji yale yatageuza risasi kuwa maji. Babu alikuwa na umri sawa na Chiku huyu. Alikwenda na baba yake, akarudi peke yake. Sasa mimi maji nikiletewa huuliza kwanza yana nini."

"Bibi, hapa hapana vita," Bi Zena akacheka.

"Atakayekufa ni nani, wewe au yeye?"

Hapo Chiku akaanza kulia. "Mama, usinywe. Kadi niliificha mimi. Iko dunguni, chini ya mkeka."

Ndani ya kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholindia mpunga. Bwanaheri akachuchumaa mbele yake. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nilisikia akipasuliwa tena haamki. Nikajua bila kadi hutampeleka."

Chiku alikimbia shambani, akarudi na kadi, tope mpaka magotini. Bwanaheri akampigia simu nesi Johari. Sauti yake niliisikia kutoka pale nilipolala. "Kikombe kimwageni. Dawa ya kusukuma uchungu inaweza kulipasua kovu kwa ndani. Mama atavuja damu msiione, na mtoto atakosa hewa. Tena kadi ikipotea mtu anakuja bila kadi, Bwanaheri, hilo nalo nikufundishe? Maji yakiinua boti tu, ondokeni. Gari litawangoja ng'ambo."

Chiku alichomeka kijiti kwenye tope la ukingoni, akawa anakwenda na kurudi. "Bado, mama." Baadaye, "Yamekigusa, mama." Alasiri boti likaelea.

Hospitalini daktari alinipima, akasema, "Kichwa kimetangulia na kovu halijaonyesha shida. Ukipenda, jaribu kuzaa kwa kawaida, chumba cha upasuaji kiko hapa jirani. Mambo yakibadilika tutakupasua." Alfajiri nikazaa kwa kawaida, mtoto wa kiume. Kitanda cha pili alilala mama kutoka kijiji cha Maparoni, mwenye kovu kama langu. Mtoto wake alitanguliza matako, akapasuliwa. Alizinduka vizuri, akauliza uji uko wapi.

Mimi nimepita njia zote mbili. Ya kawaida inauma wakati wa kuzaa, lakini kesho yake nilitembea. Ya upasuaji sikusikia kisu kwa sababu ya ganzi. Maumivu yalikuja baadaye, nikakaa wiki nyingi bila kubeba ndoo, na mimba iliyofuata ikataka uangalizi. Ile inatosha mambo yakiwa sawa. Hii inaokoa yasipokuwa sawa.

Nesi Johari alipokuja kutuona alimwita Chiku, naye akamsimulia yote, hata ya shuleni. "Ulimpenda mama yako, ukamdanganya, na uongo wako ukakaribia kumuua. Siku nyingine ukiogopa, uliza. Na wanaokuita wa Kisu waambie hivi: bila kisu kile tungezikwa wawili, mimi na mama."

Haya ndiyo ya kuepuka:

Usinywe dawa ya kuharakisha uchungu.
Usizalie nyumbani ukiwa na kovu.
Usingoje uchungu ndipo utafute boti.
Usibaki nyumbani kwa sababu ya karatasi.
Usiombe kupasuliwa kwa kuogopa uchungu tu, wala usikatae kwa kuogopa maneno ya watu.
Usimfiche mzazi kinachokutisha.
Usimcheke mtoto kwa njia aliyozaliwa.