Nyayo Chini ya Nyayo

Ilianza na mikanda ya miguu kwenye mashine ya mama.

Kila jioni Dada Mikate aliilegeza, akaiacha kwenye tundu la kwanza, kwa sababu miguu ya mama yake ilikuwa imevimba na haikupenda kubanwa. Kila mchana aliporudi kutoka kazini aliikuta imekazwa hadi tundu la mwisho, mahali ambapo hata kifundo cha mtoto kingelalamika. Siku ya kwanza alidhani ni kaka yake. Siku ya pili alimuuliza.

"Mimi nikae nafunga mikanda, na friji za watu zinaningoja nizitengeneze?" kaka yake akacheka. "Labda ni wewe mwenyewe. Mwoka mikate halali, anasinzia tu."

Akacheka naye. Yeye aliamka kila siku watu wengine wakigeuka upande wa pili kitandani, akakanda unga hadi mabega yakafa ganzi, na kichwa chake kilikuwa na haki ya kusahau.

Mashine yenyewe haikuwa na ajabu. Boksi la chuma lenye ukubwa wa ndoo, pedali mbili, mota ndani, waya wa umeme. Unaiweka sakafuni mbele ya kiti, mgonjwa anakaa, unamfunga miguu, unabonyeza kitufe, na mota inamzungushia miguu polepole hata kama mwenyewe hana nguvu. Mama yao alikuwa dobi. Alisimama na pasi miaka thelathini na mbili, mpaka asubuhi moja kiharusi kikamkalisha chini, shati la mteja likiwa bado mkononi. Mtaalamu wa viungo kule kliniki aliwaambia wasimwache akae tu: dakika kumi na tano mchana, kumi na tano jioni, taratibu, ili viungo visigande. Kaka akaipata mashine kwa mtu aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumbani. Mwenye nayo haihitaji tena, aliambiwa.

"Baiskeli isiyofika popote," mama alisema alipoiona. "Inanifaa. Sina pa kwenda."

Juma la tatu goti lake la kulia likakunjika lenyewe. Juma la tano akasimama, mikono yote miwili mezani, machozi yakimtiririka. Nyumba ikawa na furaha kama ya mtoto kuzaliwa. Jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimchungulia mama asubuhi wanawe wakiwa kazini, aliwatangazia watu wote wa mtaa.

Ni pua ya Dada Mikate iliyokataa kufurahi. Yeye aliishi kwa pua. Alijua mkate umeiva kabla saa haijamwambia. Na kila mama alipomaliza dakika zake, chumba kilibaki na harufu ya udongo wa chini sana, udongo usiowahi kuliona jua, pamoja na kitu kama chuma kilichopata moto. Aliinama akaitafuta. Ilianzia kwenye pedali, ikapanda hadi magotini mwa mama, ikakomea hapo, kama maji yanavyokomea kwenye alama ya ukuta. Siku chache baadaye ilikuwa imefika kiunoni.

"Mama, husikii harufu?"

"Harufu ya nini?" mama akasema haraka mno. "Fungua dirisha basi."

Kisha zikaja hatua.

Mtoto humjua mama yake kwa hatua kabla hajamjua kwa sura. Mama yao alichechemea tangu usichana, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwingine, na watoto wake walikua wakiisikia sauti hiyo kwenye korido: mmoja unagonga, mwingine unajiburuta. Mchana mmoja, Dada Mikate akiwa amejilaza chumbani kwake mlango ukiwa wazi nusu, alisikia mtu anapita nje. Hatua zilikuwa nyepesi, za haraka, zilizo sawasawa, kama za mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Akadhani ni mgeni. Akatoka.

Alikuwa mama. Amesimama mwisho wa korido, paji la uso limegusa mlango wa nje, macho yamefumbwa, anakoroma kidogo. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa mtu aliyelala. Chini ya kiuno visigino vilikuwa juu, na miguu ilikuwa ikipiga hatua papo hapo, taratibu, bila kusogea, ikiungojea mlango ufunguliwe.

Dada Mikate alimkumbatia kwa nyuma, akamrudisha kitandani akiwa karibu ambebe. Mama alipofumbua macho hakuuliza amefikaje pale. Alimshika mwanawe mkono.

"Sema polepole," alinong'ona. "Inasikia kwa kupitia sakafu."

"Nini, mama?"

Mama akasema kwamba tangu juma la pili, kila mota ilipoanza kuzunguka, alikuwa akihisi nyayo nyingine chini ya nyayo zake, upande wa pili wa pedali, nyembamba na baridi, zikisukuma. Alipochoka zilisukuma zaidi. Asubuhi alipokuwa peke yake, mikanda ilijikaza.

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, mngeitupa." Mama akageukia ukutani. "Mwanangu, hujui kukaa ni nini. Usiku ule wa kwanza baada ya kiharusi nilisema kwa mdomo wangu: yeyote anayesikia, anipe miguu. Sikusema Mungu. Nilisema yeyote."

Jioni ile kaka aliifungua mashine kwa bisibisi, akaikagua mota, waya na beringi, asione kasoro. Asubuhi yake hakwenda kwenye friji za watu. Alikwenda kwa yule muuzaji. Aliporudi hakuvua hata viatu. Alimwita dada yake jikoni, akafungua bomba la maji ili mama asisikie.

"Mashine ilikuwa ya mama mkubwa wa yule muuzaji," alisema. "Miaka sita alikuwa hatoki kitandani. Wakaileta, akaanza kupata nafuu. Mchana mmoja akaamka, akafungua mlango, akatoka. Watu wakamwona barabarani anatembea. Walimpigia makofi."

"Halafu?"

"Hakuna halafu. Hajaonekana mpaka leo."

Walikubaliana mashine iondoke chumbani jioni hiyo na mama asiachwe peke yake. Kaka aliibeba hadi uani, akaifungia kwenye stoo kwa kufuli. Lakini walichokifungia kilikuwa chuma tu. Mgeni aliyekuwamo alikuwa ameshahamia miguuni mwa mama.

Kesho yake kaka alibaki nyumbani. Saa saba akaingia msalani, na huo ndio muda pekee mama alioachwa peke yake. Dada Mikate alikuwa anakata kona ya mtaa, unga bado umo kwenye nyusi, aliposikia makofi. Majirani walikuwa wamesimama milangoni mwao, wanacheka, wengine wanafuta machozi, yule jirani wa nyumba ya pili akisema tazameni, jamani, tazameni, na katikati ya barabara, kwenye jua la utosini, alikuwa anakuja mama yake, peku, gauni la kulalia likimpepea magotini, anatembea kwa ncha za vidole kama msichana aliyechelewa, hachechemei, hayumbi, hatazami anapokanyaga, na miguu ikimwendesha mbele wakati kifua, mikono na shingo vilikuwa vimegeukia nyuma kuelekea nyumbani kwake, vikivuta, mdomo ukifunguka na kujifumba bila sauti ambayo makofi yangeiruhusu isikike, mpaka alipofika karibu kabisa na mwanawe, akapita, na katika kupita akasema kwa pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo:

"Nishike."

Alimshika. Alimnyanyua juu kama gunia la unga, na hata hewani miguu iliendelea kutembea. Harufu ile ya udongo ilikuwa imefika shingoni. Makofi yakafifia moja moja. Kaka akaja mbio, wakamwingiza ndani wakiwa wawili, wakamkalisha kwenye kiti chake na kumfunga kwa shuka.

Aliyeitwa alikuwa mkunga mstaafu, rafiki wa mama wa siku nyingi, mwanamke mfupi wa maneno machache ambaye aliwahi kutoa miilini mwa watu mengine zaidi ya watoto. Hakuleta kitu. Alivua viatu vyake mlangoni, akaomba mashine irudishwe, akaiweka mbele ya kiti.

"Mgeni wenu amepanda hadi chumba cha juu, anataka kuondoka na nyumba nzima," alisema. "Tumpe mlango wake aliouingilia. Mfungeni miguu."

Dada Mikate alipiga magoti, akafunga mikanda. Miguu ya mama ilikuwa baridi kama bomba. Mkunga hakubonyeza kitufe, wala waya haukuwa kwenye umeme. Pedali zikaanza kuzunguka.

"Hodi," mkunga akasema, kama anayeingia kwa jirani. "Nani mwenzangu humo?"

Sauti iliyojibu ilitoka kwa mama, lakini midomo ya mama haikuifuata vizuri. "Mtembezi."

"Unakwenda wapi?"

"Mbali. Nina miguu, nimekosa mwili. Huyu aliniita. Nimemkarabati. Ni wangu."

"Aliomba miguu. Hakuuza safari." Mkunga akavuta kigoda akakaa, magoti yake yakikaribia ya mama. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Amepona, ahsante. Sasa aga."

Sauti ilicheka kidogo, na ilikuwa kicheko cha mtu mwenye hoja. "Nikitoka, natoka na changu. Muulize kama anataka."

Mkunga aliwatazama wana wawili wa mama, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Hapo kinasema kweli," alisema. "Nguvu iliyomo miguuni si yake. Siwezi kukitoa kikaiacha. Na mimi siwezi kumjibia, wala nyinyi. Aseme mwenyewe."

Wakamgeukia mama. Macho yalikuwa yake. Yalishuka taratibu hadi magotini, yakatazama miguu ile iliyokuwa inazunguka kwa uzuri, sawasawa, miguu ambayo hakuwahi kuwa nayo hata ujanani, na Dada Mikate akaona kwamba mama yake anafikiri kweli, anapima, na jambo hilo lilimtisha kuliko sauti, kuliko harufu, kuliko barabara na makofi yake.

"Mama," alinong'ona. "Tutakubeba. Mimi na kaka. Kila unapotaka kwenda."

"Najua, mwanangu," mama akasema. "Ndicho ninachokichukia."

Pedali zikaongeza mwendo, boksi likaanza kurukaruka sakafuni, vikombe vikagongana kabatini, na ile harufu ikajaa chumba mpaka kaka akaziba pua kwa shati, na bado mama alikuwa kimya, na bado mkunga hakumharakisha, na mwendo ukazidi hata miguu haikuonekana tena ila ukungu mweusi wa mzunguko ambamo, Dada Mikate akiwa bado amepiga magoti, aliona wazi kwamba nyayo zilikuwa nne.

"Chukua miguu yako," mama akasema. "Niachie mimi."

Kila kitu kikasimama. Harufu ikashuka, kutoka shingoni hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi magotini, ikaingia sakafuni kama maji kwenye mchanga. Miguu ya mama ikaanguka kando, mizito, imevimba, kila mmoja ukiangalia upande wake.

Mama alilia hadi jua likazama. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Kaka aliivunja mashine kwa nyundo siku ileile, kipande kwa kipande, mbele ya majirani. Na kwa kuwa viungo havijui habari za majini na vikikaa tu vitaganda, Dada Mikate akaichukua kazi kwa mikono yake. Kila mchana hukaa kwenye kigoda, akaweka visigino vya mama mapajani, akakunja goti la kulia na kulinyoosha, kisha la kushoto, taratibu, dakika kumi na tano, huku akimsimulia nani amekuja dukani na nani amekopa mkate kwa maneno matamu. Mama hujibu, hucheka mara nyingine. Miguu haijibu.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo ulipokaribia kwisha, katikati ya hadithi, kidole gumba cha mguu wa kulia kilitikisika kwenye kiganja cha Dada Mikate. Mara moja, kidogo tu.

Wote wawili wakakitazama. Dada Mikate aliinama polepole, akasogeza pua yake kwenye ngozi ya mama, akavuta hewa. Sabuni. Jasho kidogo. Unga wa mikono yake mwenyewe. Akavuta tena, kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu hakuwa na uhakika.

"Niambie," mama akasema kwa sauti ya chini. "Ni mimi huyo?"