Shambulio la Pili

Faili la Mama Mukagasana, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, lilikuwa na mstari ambao Gatesi hakuuandika. Kazi yake katika kliniki ile ya Gisenyi ilikuwa kugeuza ugonjwa kuwa msimbo ili bima ikubali kulipa. I21 ni shambulio la moyo la kwanza. I22 ni la pili, linalompata mtu kabla ya wiki nne kupita. Mama huyo alikuwa na la kwanza tu, tena alishapata nguvu za kugombana na manesi juu ya uji usio na chumvi. Lakini chini ya I21 palikuwa na I22, yenye tarehe ya kesho. Gatesi akacheka, akaifuta, akaenda zake nyumbani kwa mumewe na mtoto wao, Belise.

Kesho yake saa nne asubuhi Mama Mukagasana akafa, kijiko mkononi.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo kwa mwalimu mmoja wa Mahoko. Safari hii Gatesi hakucheka. Chumba chake kilinuka kiberiti, na alipouinua mkono kutoka kwenye kibodi, vibonye viliendelea kushuka vyenyewe, polepole, kama mtu anayejifunza. Akamwita Protais, nesi mzee aliyekulia Goma.

"Pengine ni mazuku," alisema Gatesi. "Ile hewa mbaya ya ardhini."

"Mazuku inauaka bila kuuliza jina," Protais alinong'ona. "Hii inasoma. Ni jini, dada. Na haiwezi anzisha yenyewe. Inangojaka mutu aandike ya kwanza, njo inaandika ya pili."

Gatesi aliona ni kweli, kwa sababu hata mashine haikubali I22 bila I21 juu yake.

Jumatatu akakuta faili la Karenzi, mumewe, mpakiaji mizigo pale Petite Barrière, kwenye mpaka wa Goma, mwanamume asiyejua hata kuumwa kichwa. Ndani yake palikuwa na mstari mmoja tu: I22. Hauna tarehe. Mashine iliandika kwa rangi nyekundu kwamba shambulio la kwanza halipo.

Gatesi aliogopa. Kuacha kazi hakuwezekani, maana yeyote atakayekikalia kiti kile ataandika bila kujua, na kukaa nako ni kukaa na kitu kile kikimpumulia shingoni mchana kutwa, kikingoja, wala hakina haraka, huku wenzake wakipita mlangoni wakimuuliza kwa nini haji kula.

Ijumaa mchana Karenzi mwenyewe akaletwa ameshika kifua. Daktari alitazama karatasi ya moyo, akasema ni shambulio, apelekwe Kigali sasa hivi.

"Andika kode, dada," Protais alisema mlangoni, sauti chini. "Ambulansi haiondoke bila barua ya bima."

"Nikiandika, nimemuua."

"Usipoandika, atakufa hapa hapa."

Harufu ya kiberiti ikajaa tena chumbani, na ndipo likamjia wazo ambalo lingemjia mtu wa misimbo peke yake, kwamba la pili lazima liangukie ndani ya wiki nne, kwa hiyo akiliandika la kwanza kwa tarehe ya wiki tano zilizopita, zile wiki nne zitakuwa zimekwisha kupita na jini halitakuwa na siku hata moja ya kumuulia mumewe. Akaandika I21, akarudisha tarehe nyuma wiki tano, akabonyeza. Nyekundu ikazimika. Barua ikatoka. Gatesi alilia kwa furaha, na hakuona haya kulia.

Kisha vibonye vikashuka vyenyewe. I22 ilikuwa inajijazia tarehe yake, na haikuwa ya leo wala ya kesho, ilikuwa Jumatano ya wiki mbili zilizopita, siku iliyomo kabisa ndani ya wiki nne alizozichagua mwenyewe, na Gatesi akakumbuka kwamba usiku ule, na kila usiku tangu ule, alilala kitanda kimoja na mumewe. Akajaribu kuirekebisha tarehe. Mashine ikajibu kwamba faili la marehemu halibadilishwi.

Protais alirudi.

"Dada, mashine ya moyo iko inaonyesha mustari moja tu, haipandi haishuki. Tumebadilisha mashine mara mbili." Akageuka kutazama nyuma. "Na bado iko anaongea. Anasema Kigali haendi tena."

Nyuma yake alisimama Karenzi, anafunga vifungo vya shati, hana maumivu yoyote.

"Mama Belise," alisema kwa upole, "tuende nyumbani. Mutoto iko peke yake."