Mtumbwi Uliozibwa Tundu

Habari za mtumbwi ule Aurélie alizisikia kwanza kwa mama mkwe wake, Mama Marcelline, siku walipokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Mwenye mtumbwi alikuwa mpiga kafi wa mto Lualaba, mtu wa kusafiri gizani kwa kufuata nyota. Akazama, na maiti yake haikuonekana. Ndugu zake wakautoboa mtumbwi chini, asije akaurudia.

"Bila ile tundu, atarudia kazi yake," alisema Mama Marcelline. "Na hawezi kuenda mutupu. Atatafuta mutu wa kupakia."

Sasa mtumbwi umewekwa katika nyumba ya vitu vya kale pale Kasongo, na Aurélie ndiye anayefagia. Wiki hiyo mlinzi, Papa Hippolyte, aliliziba tundu kwa lami ili wageni wauone mtumbwi mzima. Aurélie alimwona. Alitaka kusema, lakini akaendelea kufagia. Yeye ni mtu wa haya, na mwenye ufagio atamfundisha nini mwenye funguo?

Jioni ile wanafunzi walitazamiwa kuja kuangalia nyota. Papa Hippolyte alikuwa amesimamisha darubini uani. Aurélie alimlaza mwanawe, Clovis, juu ya kitenge karibu na mlango, mbali na mtumbwi. Mtoto alikuwa na miezi minne, hata kujigeuza hajajua.

"Mama Clovis! Kuya uone Kilimia!"

"Nikuye na ufagio, Papa?"

"Kuya na macho! Ufagio haitaona kitu."

Aurélie alicheka, akainama kwenye darubini. Nyota zilikuwa zimesongamana kama vifaranga.

"Wapiga kafi walikuwa wanaziweka ku bega ya kuume," alieleza Papa Hippolyte, "wanashuka na mto mpaka Kindu, bila taa."

Ndipo Aurélie aliposikia harufu. Matope ya mto. Na mto uko mbali na mji...

Chwaa.

Kimya.

Chwaa...

Kafi lilikuwa likikata maji. Ndani ya nyumba.

Alikimbia. Kitenge kilikuwa kitupu.

Clovis alikuwa ndani ya mtumbwi, chali, anacheka. Chini ya mgongo wake palikuwa na maji meusi, na ndani ya maji nyota zilimetameta. Aurélie aliinua macho. Juu ni mabati.

Mtumbwi uliyumba taratibu, kama mtu mzito amekaa kwenye tezi, kule nyuma kwenye giza.

"Mama Clovis..." Sauti ilikuwa ya upole, kama ya jirani anayepita. "Wacha mutoto. Tuko karibu kufika."

Maji yakapanda. Yakafika kwenye masikio ya mtoto. Yakagusa shavu.

Aurélie alijirusha, akamshika kwapani, akavuta. Kitu baridi kilikuwa kimeshika mguu wa mtoto upande wa pili.

Nacho kikavuta.

Kisha kikaachia.

Papa Hippolyte aliingia na tochi. Mtumbwi ulikuwa mkavu, lami haina hata ufa.

"Maji, Papa! Maji ndani ya mtumbwi!"

"Maji gani, mama? Uliota?"

Aurélie alimpa mtoto amshike. Nguo za mtoto zilikuwa zinachuruzika.

"Ile tundu, Papa..." alinong'ona Aurélie, na sasa akasema yote.

Mlinzi alichukua patasi, akaing'oa lami mbele yake. Wanafunzi walipofika, aliwarudisha langoni.

"Imeisha," alimwambia Aurélie.

Lakini nyumbani Mama Marcelline alitikisa kichwa. "Tundu imefunguka, ni vizuri. Lakini alikuita namna gani?"

"Mama Clovis."

"Basi jina ya mutoto anaijua. Atamuita tena."

Asubuhi, kabla ya jua kupanda, Aurélie alikwenda kituo cha afya, akasimama wa kwanza kwenye foleni. Alimwomba muuguzi abadilishe jina kwenye karatasi ya chanjo.

"Aitwe nani?"

"Glody."

Muuguzi aliikunjua karatasi. "Lakini hapa tuliandika Clovis."

Mtoto alisikia, akageuza kichwa. Hakumtazama muuguzi. Alitazama dirishani, upande wa Lualaba, akatabasamu.

Aurélie alimziba masikio kwa viganja. Kisha yeye, ambaye sauti yake haijawahi kuvuka ua, akapiga kelele hadi watu wote wakageuka:

"Glody! Huyu ni Glody!"