Kiwiliwili cha Barua

Upepo wa Sheffield hauna adabu. Asubuhi ile ulimkuta Rosalind Staniforth kwenye kituo cha tramu mbele ya Kanisa Kuu, koti lake jekundu limefungwa hadi kidevuni, kasha la karatasi kalikumbatia kifuani, ukaona hapo ndipo pa kufanyia vituko. Kitako cha kasha kilikuwa kimeloa mvua. Kikaachia, barua zikatapakaa kila upande.

"Mungu wangu! Barua za Mheshimiwa!"

Waliokuwa wakingoja tramu wakacheka kwanza, kisha wakainama kusaidia. Mmoja alivuka reli bila kutazama mpaka dereva akampigia kengele kwa hasira. Alikuwa mwanamume mrefu wa ovaroli ya buluu yenye madoa ya grisi, kofia ya sufu imemkalia upande.

"Shika hizi, mrembo. Ngoja, kuna moja imekwenda kusali."

Kweli, barua moja ilikuwa imenasa kwenye lango la kanisa. Akaenda kuichomoa, akarudi taratibu huku akiitazama.

"Hii ni yangu," akasema.

"Zote ni za Mheshimiwa Oxspring."

"Ni zake, ndiyo, lakini hii nimeiandika mimi. Malalamiko ya njiwa wanaochafua benchi. Joel Marples, fundi wa tramu."

Rosalind aliipokea, akautazama mwandiko. Alikuwa karani wa Wilfred Oxspring, mbunge mkongwe aliyeingia Bungeni na nywele nyeusi na sasa anastaafu hana hata unywele. Barua zake za siasa zilikuwa zinapelekwa maktaba ya chuo kikuu. Zile binafsi zirudishwe kwa wenyewe. Kazi ya kuzichambua aliachiwa Rosalind. Na mwandiko huu wa herufi nene zilizolala ubavu aliujua kuliko mwandiko wa baba yake. Kila wiki, kwa miaka, Joel Marples alimwandikia Mheshimiwa. Kila wiki Mheshimiwa alijibu.

Sasa elewa namna ofisi ile ilivyojibu. Mheshimiwa alichukua kalamu yake ya wino, akaandika juu "Bwana Marples mpendwa", akaandika chini "Wako mwaminifu" na jina. Kichwa na miguu. Kiwiliwili chote, kila sentensi ya katikati, alikitunga Rosalind kwa mashine ya kuchapia. Ndivyo ofisi za wabunge wengi zinavyokwenda, na karani mwenye heshima zake hatangazi.

Kwa hiyo hakutangaza. Alikubali chai tu, kwenye mkahawa wa sokoni, na ndipo mambo yalipoanza kuharibika kwa utamu.

"Yule mzee ana moyo," Joel alimwambia, akitoa bahasha iliyochakaa mfuko wa kifua. "Mama alipofariki kila mtu aliniambia nijikaze. Yeye akaniandikia nisiliondoe koti la mama mlangoni mpaka moyo wangu wenyewe uniruhusu. Bado linaning'inia. Natembea na barua hii kama kitambulisho."

Rosalind alikikodolea macho kikombe chake. Aliyakumbuka maneno yale. Aliyaandika huku akilia, siku ambayo Mheshimiwa alikuwa London. Mwambie, moyo ulimwambia. Akili ikajibu, ukimwambia utamnyang'anya mzee wake. Na hofu nayo ikatia neno lake: kampenda aliyemwandikia, je, akijua ni karani mwenye skafu ya manjano, atakupenda wewe? Akala keki.

Baada ya hapo simu ya ofisi haikupumua.

"Halo, ofisi ya Mheshimiwa Oxspring."

"Nina malalamiko."

"Taja jina na tatizo."

"Joel. Kuna karani wenu ananinyima usingizi."

"Malalamiko ya aina hiyo hujibiwa kwa maandishi, bwana."

"Mimi nataka nijibiwe kwa chipsi. Jioni hii, siki tele. Uvae lile koti jekundu nikuone kutoka mbali."

"Unanionaje, mimi taa ya barabarani?"

"Taa ya barabarani haijibu jeuri, kipenzi."

Walikula chipsi. Walipanda vilima vya mji ule wakihema na kuchekana. Aliposhikwa mkono mara ya kwanza, Rosalind alifurahi mpaka akajikwaa kwenye ngazi ambazo amezipanda tangu utoto. Alikuwa amependa, tena kupenda kwa mtu mzima, kusikokuwa na dawa.

Ikaja sherehe ya kumuaga Mheshimiwa, kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi. Watu walijaa: wafua chuma waliostaafu, akina mama wa kwaya, pai za nyama zikipita kwenye sinia. Joel alikuja na suti ya kijivu iliyombana mabega. Bila kuombwa, akasimama na glasi yake.

"Mheshimiwa, mimi si msemaji. Nitasoma tu ulichoniandikia."

Akasoma. Ukumbi ukatulia, hata mlevi wa kona akavua kofia. Rosalind alitamani sakafu ipasuke.

Mzee Oxspring alikuwa na kasoro moja kubwa kwa mwanasiasa: hakuweza kubeba sifa isiyo yake. Akainuka na fimbo yake.

"Kijana wangu, ningetoa medali zangu zote ili niwe nimeandika hayo. Kichwa na miguu ni vyangu. Kiwiliwili ni cha Rosalind. Barua zako zote, ni Rosalind. Mpigieni makofi!"

Wakampigia makofi, wengine wakipiga miluzi. Joel aliikunja barua, akaweka glasi mezani, akatoka.

Rosalind alimkuta nje kwenye manyunyu.

"Joel, nisikilize."

"Ulikuwa unacheka?"

"Sijacheka hata siku moja!"

"Nimekusimulia habari za mama mezani, ukanitazama kama ndiyo mara ya kwanza kuzisikia. Ulikuwa unanijua mpaka mifupa, Roz. Mimi nilijua nini chako? Skafu."

"Niliogopa."

"Na mimi nimeaibika mbele ya mji mzima. Lala salama."

Akaenda zake. Rosalind alipiga simu siku zilizofuata. Iliita mpaka ikachoka. Ofisini aligonga makasha kama yamemkosea.

"Nimeharibu?" Mheshimiwa akauliza mlangoni, sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

"Umeharibu, Mheshimiwa. Ila nilianza mimi."

"Nimwandikie? Safari hii katikati nitaandika mwenyewe."

"Utaanza na uchumi wa nchi. Hapana." Akajifuta pua. "Barua zote nilizoandika humu ndani, hakuna hata moja yenye jina langu. Hebu nipe kalamu yako."

Akaketi. Akaandika kwa mkono, kichwa, kiwiliwili na miguu:

"Joel mpenzi wangu. Nilikuficha, na nimekosa. Lakini na wewe una lako. Bwawa la kuogelea ulilokuwa ukililia lisifungwe, kwenye barua zako za kwanza, liliokolewa zamani. Ukaendelea kuandika. Ukalalamikia taa ya Mtaa wa Garland kuwa imezimika. Nilikwenda mwenyewe kuiangalia, Joel, kwa miguu, kwenye baridi. Ilikuwa inawaka. Nilikwenda tena, inawaka. Nikajua hulalamiki, unataka kujibiwa. Nami nikakujibu kurasa mbili juu ya taa isiyo na kasoro, kwa sababu nilitaka uandike tena. Sasa sema, nani alimdanganya mwenzake? Wako, Rosalind Staniforth."

Akaitia posta kabla ujasiri haujamtoka.

Siku ya gari la maktaba kuja kubeba makasha, mlango wa ofisi ulifunguliwa bila kubishwa. Joel, ovaroli yake na grisi yake. Alisimama akiizungusha kofia mikononi.

"Uliikagua ile taa mara ngapi?"

"Sitaji."

"Mimi nilipita pale nikiomba iharibike kweli, nisije nikawa mwongo." Akaanza kucheka, kicheko kikamshinda, akajishikilia kwenye meza. "Njiwa je? Walikuwepo?"

"Mmoja. Msafi kuliko wewe."

Walicheka mpaka Rosalind akatokwa na machozi, halafu yakawa machozi kweli, na Joel akampangusa kwa kiganja akamwachia alama nyeusi shavuni.

"Nilikasirika kwa sababu niliona nimepoteza rafiki," akasema. "Nimefika nyumbani nimezisoma upya zote. Kumbe rafiki yupo, ni mimi niliyemwacha kwenye mvua. Nisamehe."

"Na mimi unisamehe."

Akaligusa furushi lililobaki mezani peke yake, barua zake na nakala za majibu, zimefungwa kwa kamba. "Hizi zinakwenda wapi?"

"Zimenishinda. Za siasa zinakwenda chuo kikuu. Za binafsi zinarudi kwa mwenyewe. Sasa mwenyewe ni nani? Nusu zako, nusu zangu."

"Tukizigawa tutaziharibu. Swali litakaa huku, jibu litakaa kule." Akaikaza ile kamba. "Zikae nyumba moja."

"Nyumba ya nani?"

"Yangu ina mlima wa kukata pumzi, unaujua. Lakini kwenye msumari wa mlangoni pana nafasi. Jana nimelitoa koti la mama, Roz. Nimelikunja vizuri, nimempelekea shangazi. Moyo umeniruhusu, kama ulivyoniandikia." Akamshika mikono yote miwili. "Nataka kukuoa. Sina kiwiliwili cha maneno zaidi ya hicho."

Chumba cha pili kikohozi kilisikika. "Mkitaka shahidi wa kutia saini," alisema Mheshimiwa, "juu na chini nimezoea!"

Rosalind alilitazama furushi, akamtazama fundi wake, akaona hofu yake yote imekwisha na hajui imekwenda wapi. Akalitwaa lile furushi, akalitia kwapani, akalichukua koti lake jekundu kitini bila kulivaa.

"Twende," akasema. "Nikaone huo msumari kama utalimudu koti langu."