Sauti Nyuma ya Shuka

Shati lilikuwa la moto kabla pasi haijaligusa. Kitinda alidhani limepata joto la meza, akalisogeza puani kuhakikisha halijaungua, ndipo aliposikia harufu ya waridi. Fundi hakuwa mtu wa kunukia waridi. Alinukia gundi na risasi ya kuchomea nyaya, maana alitengeneza simu kwenye kibanda kilichotazamana na duka lao la udobi, na kila wiki alileta shati lile lile, liwe chafu au safi, mradi apate sababu ya kumwona Kitinda.

"Mama mdogo, umetia nini kwenye maji?"

Mama mdogo, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki, alikuwa anakunja shuka za nyumba ya wageni. Mikono yake ikasimama.

"Sabuni tu," akasema. Kisha, bila kuinua uso, "Mrudishie huyo kijana shati lake. Mwambie atafute dobi mwingine."

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ndiyo maana."

Kitinda akalikunja shati. Alijua mama mdogo hapendi wanaume waingie dukani. Watu walisema enzi zake alikuwa mzuri wa kusimamisha njia, ila kila aliyemposa alitoka mbio asirudi, na hakuna aliyewahi kusema alichokimbia. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na binti hakulirudisha shati.

Tangu siku hiyo mlango wa duka ukawa na mambo yake. Wateja waliufungua kwa kidole. Kitinda akitaka kutoka, hasa Fundi akiwa anamsubiri ng'ambo ya barabara, kitasa kiligoma, na akikazana kilipata moto mpaka akakiachia. Ikabidi wawe wanaongea dirishani, katikati ya nondo, kama mfungwa na mgeni wake.

"Jumapili nakuja na mjomba wangu," Fundi alimnong'oneza siku moja. "Tuje kuposa. Utakubali?"

"Wewe njoo kwanza," akasema Kitinda, akicheka kwa aibu. Nyuma yake, kwenye chumba cha kuanikia, kitu kizito kikaanguka. Alipokwenda kutazama, shuka zote zilikuwa chini, zimekanyagwa.

Jumamosi alasiri mama mdogo alikwenda kupeleka nguo za watu. Kitinda alikuwa peke yake, anapiga pasi, aliposikia Fundi akimwita kutoka chumba kile cha nyuma.

"Kitinda. Njoo mara moja."

Alidhani amepitia mlango wa uani. Akaingia huku akijipangusa jasho, akitabasamu, na mlango ukajifunga nyuma yake taratibu, bila kishindo, kama unavyofungwa na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Harufu ya waridi ilikuwa nzito hata ikamkaa kooni, na shuka mbichi zilizoning'inia kutoka darini hadi karibu na sakafu zikaanza kusogea upande wake, moja baada ya nyingine, ingawa chumba kile hakikuwa na dirisha wala upepo, na chini ya shuka ya mwisho, pale miguu ya mtu ilipopaswa kuonekana, sakafu ilikuwa tupu.

Mlango ukagongwa kwa nje.

"Kitinda, mbona umejifungia?" Ilikuwa sauti ya Fundi.

"Usimwitikie," ikasema sauti ya Fundi nyuma ya shuka. "Mimi niko hapa."

"Unaongea na nani humo?"

Kitinda aliegemea ukuta, akauliza, "Siku ya kwanza uliponisalimia, nilivaa nini?"

Jibu la nyuma ya shuka lilikuja hapo hapo. "Gauni la kijani. Kifungo cha juu kimelegea. Ulipiga chafya kabla hujaitika."

"La buluu?" Fundi akasema kule nje. "Sikuangalia gauni mimi. Nilikuwa natetemeka."

Kitinda akaurukia mlango. Shuka ikamwahi, ikamzunguka mabegani, kifuani, usoni, baridi kama ngozi ya samaki, ikimkaza kila alipovuta pumzi, huku kitasa kikimbabua kiganja naye haachii, na nje Fundi akipiga ubao kwa bega, mpaka Kitinda alipomsikia mama mdogo, aliyekwisha rudi, akisema, kwa utulivu, "Sogea, baba. Huyu ananijua mimi."

Kisha akasema na mlango.

"Wachumba wangu uliwafukuza, nikavumilia. Nikaacha kukuitikia, ukanyamaza, nikadhani umekwenda zako. Kumbe ulikuwa unamngoja mtoto akue."

"Umezeeka," ikajibu sauti, na sasa haikuwa ya Fundi. Ilikuwa laini, ya mtu asiye na haraka.

"Nimezeeka. Lakini yeye hatakuitikia kamwe, umesikia mwenyewe amemchagua nani. Mimi nitakuitikia. Kila utakaponiita. Mwache atoke."

Shuka ikalegea. Mlango ukafunguka, na Kitinda akaangukia mikononi mwa Fundi. Mama mdogo akampita, akaingia ndani.

"Mama mdogo, twende wote," Kitinda akalia, akimshika nguo. "Tutatafuta mganga."

"Nilitafuta, mwanangu. Kabla hujazaliwa." Akambandua vidole kwa upole, akamfuta machozi kwa kiganja. "Kesho mkaposane kwa mjomba wake, si hapa. Na usije kunitazama."

Akaufunga mlango mwenyewe.

Walisimama pale wawili, wameshikana, hawajui waende au wauvunje. Ndani, yule mwenye sauti laini akaita jina la utotoni ambalo Kitinda hakuwahi kulisikia. Akaita tena, kwa mapenzi.

Na mama mdogo, kwa sauti ya msichana, akaitika, "Abee."