Chokaa ya Ukuta wa Stoo

Selina alichora kwa chaki za pasteli, zile laini zinazoacha unga vidoleni, na kila aliyewahi kujaribu kazi hiyo anajua kwamba chaki isiyo na pa kung'ang'ania ni vumbi tu. Inataka ubao wenye meno. Karatasi za namna hiyo huletwa kutoka nje, na bei yake ni ya kumkomoa mtu, kwa hiyo Selina alijitengenezea mwenyewe. Alinunua hadibodi mtaa wa Gerezani, akachanganya gundi nyeupe ya mafundi mbao na rangi ya maji na vumbi la marumaru, akapaka, akaacha ikauke, akapiga msasa, akapaka tena. Ubao ukiiva, ukipitisha kidole unakukwaruza kidogo, kama ulimi wa paka.

Aliishi chumba cha uani katika nyumba ya Mzee Kitwana, mtaa wa nyuma ya soko la Kariakoo, nyumba ya zamani yenye wapangaji ndani na maduka mbele. Duka kubwa la vyombo vya jumla lilikuwa la mzee mwenyewe. Majirani wakipiga mihayo, yeye dukani kwake wateja wanasukumana. Ilikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi. Wenye midomo walikuwa na lao la kusema, lakini Selina hakuwa mtu wa umbea.

Masika ya mwaka ule hayakuwa na adabu. Asubuhi moja ukuta wa stoo ya uani, ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuiona ikifunguliwa, ukaanguka wenyewe. Mzee Kitwana alikuwa ng'ambo, Guangzhou, akifuata mzigo wa duka. Wapangaji wakazoa kifusi, wakakijaza kwenye viroba ili watu wapate pa kupita. Ndipo walipoona kwamba katikati ya ukuta ule mnene palikuwa na uwazi, kama kabati lisilo na mlango, wa kumtosha mtu aliyechuchumaa. Ulikuwa mtupu. Ila chokaa ya ndani ilikuwa na mikwaruzo, minne minne, kutoka juu kwenda chini.

Wengine waliiona mikwaruzo. Selina aliiona chokaa. Ilikuwa nyeupe, laini, na bado ina meno, na yeye alikuwa na shida nayo: hoteli moja ya eneo la Posta ilimwagiza sura za wanawake wa Kariakoo, na fundi wa Buguruni aliyekuwa akimpa vumbi la marumaru, karakana yake ilikuwa imejaa maji. Akachota ndoo. Akaitwanga kwenye kinu, akaichekecha kwa mtandio wa zamani, akaikoroga na gundi. Chokaa mbichi ikikutana na maji hupata joto, hilo alilijua. Lakini hii ilikuwa ya miaka mingi, na ikakaa na joto lake mpaka kesho yake. Si joto la kuunguza. Joto la mwili wa mtu.

Akapaka vibao vinne, akaviegemeza ukutani.

Wa kwanza kuchorwa alikuwa Najma, shoga yake aliyeuza mitandio kwenye kibaraza cha mbele. Alikuja mchana, biashara ilipolegea, akakaa kwenye stuli na mtandio wake wa rangi ya chungwa, akisimulia vituko vya wateja. Selina akaanza na mtandio. Chungwa halikushika. Alisugua, unga ukaporomoka wote sakafuni. Akajaribu nyekundu, nayo ikaanguka. Akashika kahawia, ikashika kana kwamba ubao ulikuwa na kiu. Mkono wake ukaenda haraka kuliko alivyozoea. Shavu. Paji. Jicho. Alipojisogeza nyuma kutazama, Najma naye alikuwa ameinuka kuja kuona.

Najma hakucheka. Alinong'ona, "Selina, huyo siyo mimi."

Kwenye ubao alikuwa msichana mwembamba, macho yametoka, anamtazama aliyesimama mbele yake. Mdomoni hapakuwa na kitu. Kila rangi iliyowekwa pale ilidondoka, pakabaki peupe.

Selina akapiga msasa mpaka sura ikafutika, akaanza upya. Ikarudi ileile. Akahamia kibao cha pili akitaka kuchora meza ya nyanya. Yakaja mabega mawili yaliyobanwa. Cha tatu, mikono yenye kucha zilizovunjika. Cha nne, magoti yaliyokunjwa hadi karibu na kidevu. Siku nzima alipigana navyo. Jioni ilipoingia, akavipanga kimoja juu ya kingine ili avione vizuri. Vilikuwa vimeungana bila kuacha pengo. Mtu mmoja, amekaa, amekunjwa kama nguo sandukuni.

Mzee Kitwana akarudi safari wiki hiyohiyo. Watu walisema alipoteremka kwenye gari hakumsalimia mtu. Aliuliza kwanza kifusi kimetupwa wapi. Akaambiwa kingine amechukua Selina. Akaenda moja kwa moja uani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Macho yake yalikuwa kwenye vibao. Hakuuliza ni nani.

"Hivyo vimetoka kwenye ukuta wangu," akasema taratibu. "Vichome leo, uendelee kuishi kwa amani."

Selina akamwambia angefikiria. Hapakuwa na cha kufikiria. Mpaka mlango unafungwa, alikuwa ameshajua kilichokuwa ukutani, na alijua mzee amejua kwamba yeye anajua. Mtu aliyefungiwa kwenye chokaa, leo yeye amtie na moto? Hakuchoma.

Asubuhi iliyofuata alikuta kizingitini kitambaa chekundu kimefungwa fundo. Ndani mlikuwa na nywele. Zilikuwa zake. Siku iliyofuata aliamka vidole vya mkono wa kulia vimejikunja, havifunguki, kama vimeshika kitu kisichoonekana. Najma akamsihi wahamie wote Buguruni kwa dada yake yeye Najma, waviache vile vibao vilivyo. Nyumba hizi zina wenyewe, akamwambia, na duka lile unadhani linajaa kwa sababu gani?

Selina akachana kipande cha kanga. Akakitumia kuifunga chaki kwenye kiganja kilichojikunja, fundo akalikaza kwa meno.

"Siendi," akamjibu. "Mimi ndiye niliyemtoa. Nitamtoa mpaka mwisho."

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo Kariakoo hupiga kelele kuliko zote: spika za wauza viatu, mikokoteni, honi, wapagazi wanaoomba njia. Selina alijifungia na vibao vyake. Umeme ukakatika. Feni ikasimama. Halafu kelele nazo zikasimama.

Zote.

Alitazama dirishani. Watu walikuwa wakipita uchochoroni, midomo inacheza. Hasikii neno. Kilichosikika kilikuwa chumbani. Kwaru. Kwaru. Kimya. Kwaru.

Kilitoka kwenye kibao cha tatu. Kidole kimoja, ambacho alikichora kimenyooka, sasa kilikuwa kimepinda.

Selina alitamani kukimbia. Mlango ulikuwa hatua chache tu. Badala yake akapiga magoti mbele ya ile sura, jasho likimtiririka, akaitazama pale peupe mdomoni. Akaelewa. Rangi haikushika kwa sababu palikuwa tayari na kitu. Walimjaza chokaa.

Akachukua kisu kwa mkono wa kushoto akaanza kukwangua. Tabaka lile alilipaka mwenyewe. Lilikuwa jembamba kama ganda la yai. Unga ukaanza kutoka. Ukatoka. Ukamwagika mapajani kwake, ukafanya kichuguu sakafuni, mweupe, wa moto, na bado ukawa unatoka. Chumba kikanuka mafuta ya nazi na jasho la mtu. Hakusimama. Aliogopa mpaka hofu ikageuka hasira, na hasira ndiyo iliyoupeleka mkono.

Kisu kikafika mwisho. Ubao ukavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Kelele za Kariakoo zikarudi kwa mkupuo. Vidole vya Selina vikafunguka, chaki ikabaki imening'inia kwenye kanga. Akaishika, akachora mdomo. Rangi ikashika. Aliuchora ukiwa wazi.

Hakungoja. Alivibeba vibao vyote vinne hadi kibarazani, mbele ya duka la Mzee Kitwana, akavipigilia misumari ukutani katikati ya mitandio ya Najma. Najma alimshikia misumari. Kisha Selina akasimama kando, akawa anamuuliza kila apitaye: unamjua huyu? Watu wakasogea. Wapo waliodhani ni tangazo. Wapo waliotazama mara moja, wakaondoka mbio.

Mama mmoja muuza korosho kutoka Masasi akasimama. Alilitua beseni lake chini bila kuangalia anapolitua.

"Candida," akasema.

Mama huyo aliitwa Angela. Alipopata sauti alisimulia kwamba huyo ni dada yake, aliyekuja Dar kufanya kazi za ndani katika nyumba hiyohiyo, zaidi ya miaka thelathini nyuma, mwaka duka lile lilipofunguliwa. Yeye Angela, binti mdogo, alifuata kumtafuta. Mwenye nyumba akamwambia dada yake ametoroka na dereva wa lori, yuko Msumbiji. Mama yao alikufa akimngojea.

Umati ukaanza kunong'ona. Mzee Kitwana akatoka dukani kwake, kanzu safi, fimbo mkononi. Akamwambia Selina kabla jua halijazama awe ameondoka kwenye nyumba yake.

"Nitaondoka," Selina akamjibu, kwa sauti ya kusikika na wote. "Lakini Candida keshatangulia kutoka."

Mzee akafungua mdomo amjibu. Halikutoka neno. Akakohoa, na kilichotoka kilikuwa unga mweupe. Akakohoa tena, ukamwagika kifuani, kwenye kanzu, kwenye viatu. Watu wakarudi nyuma. Alishika koo kwa mikono yote miwili na macho yakamtoka, yakawa sawasawa na yale ya kwenye ubao.

Hakufa. Hospitali walimpima kifua na koo, hawakuona kitu. Polisi walikuja, wakatazama ule uwazi, wakaandika wanayoandika. Bila mfupa hata mmoja, hawakuwa na pa kuanzia. Mzee akarudi dukani, akawa anakaa kwenye kiti chake bila sauti, akitazama barabara. Wateja hawakurudi.

Selina na Angela wakavizungushia vibao sanda wakavisafirisha hadi kijijini, Masasi. Jeneza lilikuwa jepesi, lakini waliolibeba walikuwa sita na hakuna aliyethubutu kucheka. Katekista akasali. Wanawake wakalia kilio kilichocheleweshwa miaka yote ile. Selina akatupa udongo kwa mkono wake wa kulia, kisha akarudi mjini, akahamia Buguruni, akatafuta vumbi la marumaru, akaendelea na kazi ya hoteli.

Siku moja, akiwa anapiga msasa ubao mpya, Angela akampigia simu. Salamu zake zilikuwa fupi. Alisema amekwenda kaburini kufagia. Udongo haujafukuliwa, msalaba uko palepale. Ila kuna nyayo. Za mtu mmoja, pekupeku, nyembamba, nyeupe kama zimekanyaga unga. Zinaanzia juu ya kaburi. Hakuna zinazokuja, zote zinatoka. Amezifuata mpaka barabara ya lami, na huko zimeshika upande wa Dar es Salaam.

"Nizifute?" Angela akauliza, sauti chini. "Nimwite katekista?"

Selina akauweka ubao chini. Alifikiri kuhusu duka la Kariakoo, na mzee anayekaa kwenye kiti chake akitazama barabara.

"Hapana, dada Angela," akasema. "Amekaa vya kutosha. Mwache atembee."